Benki Hufa, Deni Halifi

Msomaji wa Unguja au Pemba akilisikia jina la Endagikot atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni wapi huko na kunamhusu nini. Endagikot iko katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, kwenye nyanda za juu zenye baridi, magharibi ya Bonde la Ufa. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, watu wa mifugo na wa kilimo cha mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu. Minazi haioti huko, wala mikarafuu. Hata hivyo mkulima wa Endagikot na mkulima wa Wete wanakutana katika jambo moja: wote wawili huhitaji fedha kabla ya mavuno, na benki watakayoiendea, iwe ya Mbulu au ya Chake Chake, iko chini ya Benki Kuu ileile. Katiba ya Jamhuri ya Muungano imeyaweka mabenki na shughuli zote za mabenki katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo sheria inayoizika benki iliyokufa Bara ndiyo itakayoizika benki itakayokufa Visiwani.

Tumchukue basi mkulima mmoja wa Endagikot kwa mfano, wala tusimpe jina. Amekopa shilingi milioni tatu katika benki ndogo ya wananchi ili anunue mbegu, mbolea na dawa. Ameweka rehani shamba alilorithi kwa baba yake. Msimu wa kwanza analipa vizuri. Msimu wa pili bei ya vitunguu inaanguka, naye anachelewa. Kabla hajajikwamua, redio inatangaza kwamba Benki Kuu imeifunga benki ile. Anakwenda mjini, anakuta kufuli mlangoni na tangazo limebandikwa. Jirani anampongeza: "Ndugu yangu, umepona. Aliyekuwa akikudai amekufa, na maiti hadai." Mkulima anayasadiki maneno hayo, kwa kuwa mtu husadiki upesi lile alipendalo. Miaka mitano baadaye anafikiwa na hati ya mahakama. Anayemshtaki ni mfilisi wa benki, mtu asiyemjua. Na deni si milioni tatu tena, bali milioni nane.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini mambo yanayouzaa ni ya kweli na yamekwisha kutokea katika nchi yetu. Mwaka 1995 ilianguka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili mfanyakazi na mkulima wapate kujenga. Mwaka huohuo ilianguka Meridien Biao, benki ya kigeni iliyokuwa imeingia kwa kishindo. Mwezi Mei 2017 Benki Kuu ilifuta leseni ya benki ya FBME, iliyokuwa na tawi lake hata hapa Zanzibar, na mwezi huohuo ikaifunga Benki ya Wananchi Mbinga. Tarehe 4 Januari 2018 zilifungwa benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera, na Benki ya Wananchi Meru. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Katika hizo tano mna benki zilizoanzishwa kwa michango ya wakulima wa kahawa na wa migomba. Waliokopa humo hawakuwa matajiri wa mjini tu. Wengi walikuwa watu kama huyu wetu wa Endagikot.

Sasa tulijibu swali la jirani yule. Je, benki ikifa, deni linakufa? Halifi. Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi, kwa sababu uvumi ulio kinyume chake umewaponza watu wengi. Fedha anazokopesha benki kwa sehemu kubwa si zake. Ni akiba ya mwalimu mstaafu, ni mchango wa chama cha akina mama, ni fedha ya mjane aliyeuza ng'ombe akaona kuziweka ndani ni hatari. Benki inapofungwa, watu hao ndio wanaobaki nje ya mlango. Bodi ya Bima ya Amana huwalipa kwanza kiasi kilichokingwa na bima. Mwaka 2018 kiasi hicho hakikuzidi shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Mwaka 2023 kilipandishwa mpaka shilingi 7,500,000. Aliyekuwa na shilingi milioni tano katika benki iliyofungwa mwaka 2018 alipata milioni moja na nusu. Zilizobaki aliambiwa angoje mfilisi auze mali ya benki na kukusanya madeni.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Mali kubwa ya benki si majengo wala magari. Mali yake kubwa ni mikopo iliyo mikononi mwa watu. Mkopaji wa Endagikot akikaa kimya na kusema maiti hadai, anayedhulumiwa si benki, kwa maana benki haipo tena. Anayedhulumiwa ni yule mjane. Na wako wakopaji wengine, wenye majina makubwa na mikopo mikubwa kuliko mashamba yote ya kijiji kizima, ambao kimya chao ndicho kilichoiua benki tangu mwanzo. Hao nao hujificha nyuma ya mkulima mdogo na kulia naye pamoja. Tusidanganyike na machozi yao.

Lakini kusema kwamba deni linadumu si kusema kwamba kila anayelidai amepata haki ya kulipwa kila anachokitaja. Hapa tunawageukia watumishi wa Serikali na wafilisi, na tunawaomba watusikilize kwa subira. Mkopaji anawajibika kulipa, nayo Dola inawajibika kumjibu maswali matatu: nani ananidai, ananidai kiasi gani, na kwa nini hakunidai mapema.

Swali la kwanza, nani ananidai, si la ubishi. Madeni ya wakulima wa nchi hii yamehamahama hali wadaiwa wamekaa palepale. Aliyekopa kwa Wakala wa Taifa wa Mikopo ya Maendeleo, ulioanza mwaka 1964, alijikuta baada ya mwaka 1971 anadaiwa na Benki ya Maendeleo Vijijini. Benki hiyo ikageuka mwaka 1984 kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, na mwaka 1996 ikawa kampuni yenye wanahisa. Katikati ya hayo, mwaka 1976, Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa njia ya mikopo kuwafikia wakulima, na miaka michache baadaye ikaamua virudishwe. Sheria ya mwaka 1991 ikaunda chombo maalumu cha kukusanya madeni mabaya ya mabenki ya umma, kilichojulikana kwa kifupi kama LART, chenye na baraza lake la kusikiliza mashauri. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara, mtoto wa Azimio la Arusha, ikagawanywa vipande vitatu. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, lakini mkulima aliyeshika risiti ya mwaka 1975 ataijuaje nasaba yote hiyo? Akipokea barua kutoka ofisi ambayo hakukopa kwake, akasita kulipa, tusikimbilie kumwita mkorofi.

Wenzetu wa Uganda wamelipia somo hili ghali. Baada ya kufungwa kwa International Credit Bank mwaka 1998, na Greenland na Benki ya Ushirika mwaka 1999, madeni ya benki hizo tatu yaliuzwa mwaka 2007 kwa kampuni moja kwa bei ya shilingi za Uganda bilioni 8.9 hivi, ilhali vitabuni yalikuwa bilioni 135. Kwa maneno mengine, kila deni la shilingi mia liliuzwa kwa shilingi saba pungufu. Kamati ya Bunge la nchi hiyo ilipochunguza kufungwa kwa mabenki, katika taarifa yake ya mwaka 2019 iliilaumu Benki Kuu kwa namna ilivyoyauza madeni na kwa kukosekana kwa kumbukumbu muhimu za makabidhiano. Tujiulize: mkopaji aliyekuwa tayari kulipa nusu ya deni lake taslimu asingewafaa wenye amana kuliko mnunuzi aliyelipa sehemu moja katika kumi na tano?

Uganda hiyohiyo imetuonyesha pia kwamba swali la nani anadai linaweza kuangusha shauri zima. Benki Kuu ya Uganda iliitwaa Crane Bank mwezi Oktoba 2016, na Januari 2017 ikahamishia shughuli zake kwa benki ya dfcu. Kisha ikafunguliwa kesi, kwa jina la Crane Bank iliyo chini ya mrasimu, dhidi ya aliyekuwa mmiliki wake mkuu, Sudhir Ruparelia, ikidai zaidi ya shilingi za Uganda bilioni 390. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo kwa hoja kwamba benki iliyo katika hali ile haikuwa na uwezo wa kisheria wa kushtaki. Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2020, na safari ikaishia Mahakama ya Juu mwaka 2022. Miaka karibu mitano ya mawakili na gharama ilipita, na mahakama haikufika hata kwenye kupima kama fedha zilizodaiwa zilichukuliwa au la. Ikiwa Benki Kuu nzima inaweza kukwama mlangoni kwa kukosa haki ya kubisha hodi, mkulima wa Endagikot ana kila sababu ya kumwambia anayembishia: nionyeshe hati yako.

Swali la pili ni hesabu. Sheria zetu zinasema kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inakubali nakala za vitabu vya benki kuwa ushahidi, lakini inaweka masharti, na msingi wake ni kwamba kitabu kiwe kimetunzwa katika uangalizi unaofaa na nakala ilinganishwe na kitabu chenyewe. Benki inapokufa, watumishi wake hutawanyika. Karani aliyeandika malipo ya mkulima kwa mkono hajulikani alipo. Majalada hupakiwa katika malori na kumwagwa ghalani. Katika hali hiyo, deni la milioni tatu likifika mahakamani limekuwa milioni nane, hakimu hana budi kuuliza zile tano zimezaliwa lini na wapi. Malipo ya msimu wa kwanza yameandikwa? Riba imehesabiwa kwa mkataba upi, na kwa muda gani? Je, imehesabiwa hata kwa miezi ile ambayo mlango ulikuwa na kufuli na hapakuwa na mtu wa kupokea? Na kama mkulima huyo alikuwa pia na akiba yake katika benki ileile, je, imekatwa kwenye deni? Maswali haya si hila ya mdaiwa. Ndiyo tofauti kati ya kukusanya deni na kunyang'anya.

Swali la tatu ni muda. Sheria ya Ukomo ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 inampa mwenye madai ya mkataba miaka sita kufungua shauri. Lakini shauri la Serikali limepewa miaka sitini. Zanzibar ina sheria yake ya ukomo, na mwenye shauri hapa Visiwani asitegemee hesabu za Bara. Tena mdaiwa ajue kwamba akikiri deni kwa maandishi, au akilipa hata sehemu ndogo, muda huanza kuhesabiwa upya. Sheria imeweka mipaka hii kwa hekima. Baada ya miaka mingi mashahidi hufa, karatasi huliwa na mchwa, na mwenye haki huwa hana cha kushika. Mfilisi anayelala miaka mitano juu ya jalada kisha akaamka na hasira, huo si ukusanyaji wa madeni bali ni umangimeza.

Juu ya maswali hayo matatu kuna jambo zito kuliko yote, nalo ni ardhi. Shamba la Endagikot si bidhaa ya dukani. Juu yake wanaishi mke, watoto na pengine wazazi wazee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na sheria ya ardhi ya Bara ya mwaka 1999 imeukazia ulinzi huo. Hata hivyo mahakama zimejaa mashauri ya wake waliogundua rehani siku ile dalali alipofika na kipaza sauti. Benki iliyofuata sheria siku ya kukopesha haina cha kuogopa siku ya kushtaki. Iliyofumba macho imemwachia mfilisi wake ugomvi usiokwisha, na wenye amana ndio wanaolipia.

Sisi wa Visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya rehani. Wazee wetu waliona mashamba ya mikarafuu yakizama katika madeni bei ya karafuu ilipoanguka, mpaka mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikalazimika kutoa amri za kuzuia ardhi isihamie ovyo mikononi mwa waliowakopesha wenyeji. Amri zile zilikuja zimechelewa, zikawasha ugomvi kati ya jamii na jamii, na ilibidi miaka ya baadaye zitungwe nyingine za kusuluhisha madeni yaleyale. Tulichojifunza ni hiki: deni la mkulima likiachwa bila utaratibu huwa jambo la siasa, na likishakuwa jambo la siasa halilipiki tena.

Kwa hiyo tunasema nini? Kwa mkopaji, tunasema mambo manne. Kwanza, usingoje, benki yako ikifungwa, nenda au mwandikie mfilisi, uulize salio lako na pa kulipia. Pili, hifadhi mkataba na kila risiti, hata iliyochakaa. Tatu, ukipokea hati ya mahakama usiiweke chini ya godoro. Kwa mashauri ya kawaida ya madai huko Bara mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Na yako mashauri ya rehani yanayokwenda kwa njia ya mkato, ambayo mdaiwa hawezi kujitetea mpaka aombe ruhusa ya mahakama na kupewa. Anayekaa kimya hushindwa hata kama alikuwa na haki. Nne, unachojua unadaiwa, kilipe au omba kukilipa kidogokidogo; unachobisha, kibishe kwa karatasi, si kwa matusi.

Kwa Serikali, Benki Kuu na Bodi ya Bima ya Amana, tunasema jambo moja tu, nalo si la gharama kubwa. Benki inapofungwa, hutolewa tangazo la kuwatuliza wenye amana, na hilo ni jema. Litolewe na la pili kwa wakopaji. Katika siku tisini tangu benki kufungwa, kila mkopaji apelekewe kwa maandishi, kwa Kiswahili, salio la deni lake, malipo aliyokwisha kuyafanya, riba na namna ilivyohesabiwa, akiba yake iliyokatwa, na jina na anwani ya anayepaswa kulipwa. Apewe muda wa kupinga hesabu hiyo mbele ya mtu asiye mfilisi. Barua hiyo ipitie kwa mtendaji wa kata huko Endagikot, au kwa sheha huku kwetu, ili asiwepo wa kusema hakuipata. Na kabla madeni hayajauzwa kwa mnunuzi yeyote kwa bei ya kutupa, wadaiwa wenyewe watangulie kupewa nafasi ya kuyakomboa.

Utaratibu huu ukifuatwa, mdaiwa mkweli atajua anachodaiwa na atalipa, na mdaiwa mjanja atakosa pa kujificha. Hakimu naye atapokea jalada lenye hesabu iliyokwisha kubishaniwa na kusafishwa. Mwenye amana, yule mjane tuliyemtaja, atapata fedha yake angali hai wa kuitumia.

Benki inaweza kuzikwa kwa tangazo la ukurasa mmoja. Deni halizikwi hivyo, kwa sababu ncha yake moja iko katika shamba la mtu na ncha ya pili iko katika akiba ya mtu mwingine, na wote wawili ni raia wa nchi hii. Kazi ya sheria ni kuwafikisha watu hao wawili kwenye hesabu moja iliyo wazi, mapema, kabla dalali hajawasha kipaza sauti chake.